Maganda Yabaki Kilimani

Mhadhara kwa wakazi wa Ntinda, Kampala



Hakuna anayeweza kuzungumza juu ya taka katika mji huu akaipita Kiteezi kimya. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jaa la Kiteezi lilikatika ubavu na kuzifukia nyumba zilizokuwa chini yake, pamoja na watu na mifugo. Miili 35 ilitolewa kwenye kifusi, na ziko familia ambazo hazikupata hata mwili wa kuzika. Septemba ya mwaka huohuo Rais aliwafuta kazi viongozi watatu wa juu wa KCCA, mamlaka ya jiji letu, na baadaye wakafikishwa mahakamani. Mahakama ina kazi yake, nami sitaiingilia. Ninachotaka tukizungumzie leo ni kile kitu chenyewe kilichowafukia watu wale, kwa sababu kilitoka majikoni mwetu.

Jaa lile lilifunguliwa mwaka 1996 kwa msaada wa Benki ya Dunia, katika Wilaya ya Wakiso, kilomita 12 hivi kaskazini ya katikati ya mji. Lilikuwa na ekari 36. Kwa karibu miaka 28 taka za tarafa zetu zote tano, yaani Nakawa, Kawempe, Lubaga, Makindye na ile ya Kati, zilipelekwa pale. Lilijaa zamani, na lilipojaa tukaendelea kupandisha juu. Chini yake watu walikuwa wakijenga, wakifuga, wakizaa. Juu yake mamia ya waokotaji, wakiwemo wanawake wengi, walikuwa wakichambua chupa na vyuma ili wale.

Sasa tuulize jaa lile lilikuwa limejaa nini. Mwaka 2014 Allan Komakech na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere walichapisha matokeo ya kuchambua taka zilizokuwa zikifika Kiteezi. Zaidi ya asilimia 90 zilikuwa vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, majani ya migomba, mabaki ya mboga na matunda, majani yaliyofagiwa uani. Unyevu wake ulikuwa kiasi cha asilimia 70. Naomba mkokotoe pamoja nami. Lori lililobeba tani 10 za taka za Kampala limebeba tani 7 za maji. Tunanunua dizeli, tunalipa dereva na vibarua, tunachakaza injini kupanda kilima na kushuka bonde hadi wilaya nyingine, na mzigo mkubwa tunaouhamisha ni maji yaliyokuwa ndani ya ndizi. KCCA imekuwa ikikadiria kwamba mji huu unazalisha tani 2,500 hivi za taka kila siku, na kwamba magari yake pamoja na ya wakandarasi huzoa kama nusu tu. Nusu nyingine mnajua iko wapi. Iko kwenye mitaro, iko kwenye moto wa uani, iko kwenye mafunjo.

Ganda la ndizi likiachwa shambani, hewa inalifikia, wadudu wanalifikia, na baada ya wiki chache limekuwa udongo. Ganda lilelile likizikwa chini ya tani elfu za maganda mengine, mahali pasipo na hewa, huoza kwa namna nyingine kabisa. Hutoa methani, hewa ambayo kwa uzito uleule hulipasha joto anga zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Hutoa pia maji meusi makali. Maji hayo yasipopata njia ya kutokea hujikusanya ndani ya lundo na kusukuma kwa nje. Lundo husimama kwa sababu vilivyomo vinabanana na kushikana. Maji yakijaa katikati, mshikamano ule hulegea. Mvua ikaongeza uzito juu, mteremko ukawa mkali, basi ubavu mzima huteleza kwa mpigo mmoja, na mtu aliyelala chini yake hana nafasi ya kukimbia.

Ndiyo maana Kiteezi haikuwa ya kwanza. Julai 2000 lilianguka jaa la Payatas huko Manila, baada ya mvua za kimbunga, na likaua zaidi ya watu 200. Februari 2005 likaanguka la Leuwigajah, karibu na Bandung, Indonesia, katika siku za mvua nyingi. Zaidi ya watu 140. Machi 2017 ikawa zamu ya Koshe, Addis Ababa. Zaidi ya 110. Februari 2018 Hulene, Maputo, 17. Kila mahali wahandisi walikuja wakachunguza, wakaandika habari ya maji, mteremko na uzito. Na kila mahali waliokufa walikuwa wale ambao hawakuwa na pesa za kupanga mbali na jaa.

Bandung na Addis Ababa ni miji ya nyanda za juu, kama Kampala. Mji wa tambarare unaweza kuvumilia uzembe kwa muda mrefu, taka ikatandazwa, ikanuka, ikaleta nzi, lakini mara nyingi ikabaki ilipo, ingawa Manila na Maputo hazikunusurika. Kwenye vilima haibaki. Tumezoea kusema Kampala ni mji wa vilima saba, ingawa leo umeshameza vilima vingi kuliko hivyo, na kila kilima kimepangwa vilevile: wenye nacho juu, wa kati ubavuni, maskini bondeni kwenye mafunjo. Maji hufuata mkondo. Mvua ya dakika 40 inatosha kuiteremsha chupa iliyotupwa juu hapa, karibu na Kijiji cha Mawaziri, mpaka kwenye mtaro wa Kinawataka, na pale ikutane na mifuko ya Kyambogo, ya Banda na ya viwanda vya Nakawa. Mtaro ukiziba, maji yanaingia nyumbani kwa mtu ambaye chupa ile hakuinunua, wala hakuinywa.

Safari haiishii kwake. Kinawataka inamwaga maji yake katika Ghuba ya Ndani ya Murchison, kwenye ziwa Nalubaale, ambalo vitabu vinaliita Victoria. Kwenye ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndipo Shirika la Taifa la Maji limekuwa likivuta maji ya kunywa ya mji huu kwa miaka mingi. Kuyasafisha kumekuwa kugumu mwaka hadi mwaka, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kujengwa mtambo mpya mbali kule Katosi, Mukono. Kwa hiyo anayemwaga ndoo yake mtaroni usiku wa mvua anaikuta tena asubuhi, kwenye bili ya maji.

Naomba hapa tusilaumiane haraka. Mara nyingi nasikia viongozi wakisema watu wa mabondeni hawana ustaarabu. Nimetembea njia hizo. Gari la taka halifiki. Njia ni finyu, ina ngazi za udongo, mvua ikinyesha hata pikipiki inateleza. Mama anatakiwa apandishe gunia la maganda mabichi mgongoni hadi barabarani, kisha alipie. Kwake mtaro uko hatua chache chini ya mlango. Anayemwita mshenzi ajaribu kwanza kulipandisha gunia lile mara moja. Kinachomshinda mama yule ni uzito, na uzito ule, kama tulivyoona, ni maji.

Na hapo ndipo ninapofikia jambo moja ambalo nimekuja kulisema. Katika nchi ya vilima, kikavu kishuke na kibichi kibaki. Chupa, bati, karatasi, chuma, vioo: hivyo ni vikavu, haviozi upesi, vina wanunuzi, navyo vinaweza kusafiri. Ganda lina uzito, linaoza, na likisafiri linaua. Ganda lishughulikiwe kwenye kilima kilekile lilikomenywa.

Hili si wazo la wataalamu wa mbali. Nendeni Kilimanjaro, kwenye vihamba vya Wachaga. Mgomba unasimama pamoja na kahawa chini ya miti mirefu; ng'ombe yuko zizini pembeni ya nyumba; maganda, majani na vigogo vya migomba anakula ng'ombe; samadi inarudi kwenye shina la mgomba. Miteremko ile imelisha watu wengi kwa karne kadhaa bila kuchoka, na nyumba hazikuwa na jaa, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutupa. Babu zetu wa Buganda walifanya hivyo kwenye lusuku. Nyumba ilizungukwa na migomba, maganda yalitupwa palepale chini ya mgomba, na chakula kilifunikwa kwa majani ambayo nayo yalirudi shambani. Wamasaaba wa mlima Elgon hawakuwa mbali na hapo. Watu wa Kigezi, ambako ardhi imesimama kama ukuta, walijifunza kukata matuta yanayokata mteremko na kuweka mabaki ya mazao humo ili udongo usikimbie.

Mji ulipokuja ulikata mzunguko huo mahali pamoja. Mkungu wa matoke unakatwa Isingiro, Bushenyi au Masaka, unapakiwa usiku, unashushwa sokoni alfajiri. Sisi tunakula nyama ya ndizi. Ganda, ambalo ni kama theluthi ya uzito wa ndizi au zaidi, pamoja na kikonyo cha mkungu na majani yaliyoufunika, vinabaki hapa. Ndani ya ganda hilo mna potasiamu iliyotoka kwenye udongo wa Isingiro. Lori linarudi Isingiro tupu. Mwaka unaofuata linakuja tena kuchukua udongo mwingine. Mkulima wa Uganda anatumia mbolea ya kiwandani kidogo sana, miongoni mwa viwango vya chini kabisa duniani, kwa hiyo hakuna kinachorudishwa badala yake. Shamba linachoka, mikungu inapungua ukubwa, na bei ya matoke inapanda hapa Ntinda. Udongo wake tumeurundika kwenye mlima wa Kiteezi mpaka ukaua watu. Nikilifikiria jambo hili nashindwa kulikubali. Tumechukua rutuba ya mashamba ya nchi nzima tukaifanya silaha dhidi ya jirani zetu wenyewe.

Mtu ataniuliza: je, haijajaribiwa? Imejaribiwa, na majaribio yale yanatufundisha mengi kuliko hotuba. Mamlaka ya mazingira, NEMA, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, ilijenga viwanda vya mboji katika miji tisa: Mbale, Kasese, Kabale, Fort Portal, Jinja, Lira, Mbarara, Soroti na Mukono. Tazameni orodha hiyo. Mbale iko chini ya mlima Elgon, Kasese na Fort Portal chini ya Rwenzori, Kabale imezungukwa na milima ya Kigezi. Mpango huo ulisajiliwa mwaka 2010 katika utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza hewa zinazopasha dunia joto. Hoja ilikuwa nzuri: taka zikigeuzwa mboji penye hewa, methani haitoki; methani isiyotoka inauzwa kama hati za kaboni; pesa hizo zinaendesha kiwanda.

Mambo mawili yaliuponza. La kwanza, bei ya hati za kaboni iliporomoka kuanzia kama mwaka 2012, na halmashauri nyingi hazikuwa na bajeti ya dizeli wala vipuri; gari likiharibika, linakaa. La pili ndilo kubwa zaidi kwetu. Taka zililetwa kiwandani zikiwa zimechanganyika, kisha vibarua wakazichambua kwa mikono mwishoni mwa safari. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iliyokwisha kujifunga kwenye maganda ya wiki nzima haitoki yote. Kioo kilichovunjika hakitoki chote. Mboji ikatoka na vipande vya plastiki na chupa, na mkulima anayetembea peku shambani hakutaka kuinunua. Mlango wa jikoni ndio mahali pa mwisho ambapo kutenganisha ni rahisi. Baada ya pale kila hatua huzidisha kazi, na ni vigumu kwa mashine yoyote kukirudisha nyuma kile ambacho sufuria na ndoo moja vimekwisha kukichanganya.

Mbale wenyewe wana habari nyingine ya kutuambia. Wazee watakumbuka sifa yake ya miaka ya 1960, mji msafi uliotajwa Afrika Mashariki nzima. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala, inayoshuka kutoka Elgon, ilivunja kingo zake na zaidi ya watu 20 wakafa. Mvua ndiyo iliyokuwa nyingi, sitasema taka ndizo zilizoleta mafuriko. Lakini mto unaopita katikati ya mji ukiwa umepungua kina kwa takataka na kwa nyumba zilizojengwa kwenye kingo, hauna mahali pa kuyaweka maji ya ziada.

Kuna mengine nitayapitia kwa haraka. Kwenye mlima Kilimanjaro mizigo ya wapagazi hupimwa langoni, taka za kila msafara nazo hupimwa, na chupa za maji za kutupwa haziruhusiwi. Huko juu baridi huzuia kuoza; hata ganda la ndizi linakaa muda mrefu sana, kwa hiyo kila kitu lazima kishuke. Ni sheria ya mahali ambapo watu hupita tu, hawaishi. Rwanda, nchi ya vilima elfu, ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hutoka kwa kazi ya pamoja iitwayo umuganda. Barabara za Kigali zinang'aa, nami nazisifu. Hata hivyo taka za Kigali bado hupandishwa kwenye kilima cha Nduba zikarundikwe huko. Barabara safi na mji uliomaliza tatizo lake la taka ni vitu viwili. Sisi nasi tuna bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kufagia njia na kusafisha visima, na napenda ifufuliwe kwa nguvu. Lakini tukifagia kisha tukaita lori moja lichukue kila kitu pamoja, tumefagia kuelekea Kiteezi nyingine.

Na Kiteezi nyingine imekuwa ikitafutwa. Baada ya maporomoko magari ya Kampala yalipelekwa Katikolo, Mukono, kwenye eneo ambalo awali lilikuwa mojawapo ya vile viwanda vya mboji vya NEMA. Kisha ikatajwa Buyala, Wilaya ya Mpigi, na wenyeji wa huko wakapinga. Nawaelewa. Wewe na mimi tungepinga. Kila kilima tutakachokimbilia kina watu chini yake.

Sasa tuje hapa Ntinda, tuseme kazi inavyoweza kuanza.

Ianze kwenye gari. Nasisitiza, kwa sababu kampeni nyingi huanza kwa kumhubiria mama wa nyumba. Mama akitenganisha taka zake katika ndoo mbili, kisha akasimama langoni akaona kijana wa gari akizimwaga zote mbili katika tumbo moja, hatatenganisha tena, na ana haki. Gari la maganda lipite siku zake, gari la vikavu siku zake, na yule wa vikavu asikubali ganda hata kama amepewa chai. Ndani ya vichochoro vya Kigowa na kuelekea Kinawataka pasiwe na lori kabisa. Pawe na mikokoteni na matoroli, na vijana wa palepale wanaolipwa kwa gunia, ili maganda yasipandishwe mlima bali yaende kwa usawa wa mteremko hadi kwenye kituo cha karibu.

Soko na mikahawa vije kabla ya nyumba. Sehemu moja yenye wauza matoke, wauza nanasi na akina mama wa chakula cha mchana hutoa maganda mengi kwa siku moja kuliko mtaa mzima wa nyumba, tena yakiwa safi, kwa sababu anayemenya ndizi 200 hamenyi kaveera pamoja nazo. Tayari wako vijana katika masoko ya Kampala wanaonunua maganda kwa magunia na kuyapeleka kwa wafugaji wa ng'ombe na mbuzi. Hawajapewa mkataba na mtu, hawana ofisi, wala hakuna anayewataja kwenye mipango ya mji, na hata hivyo kila gunia lao ni gunia ambalo halikufika jaani. Wapewe mahali pa kukusanyia penye kivuli na sakafu. Wafugaji wanachohofia ni kaveera ndani ya gunia: ng'ombe akiimeza, inajikunja tumboni na anakonda mpaka afe. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inakataza mifuko yenye unene wa chini ya mikroni 30. Kabla yake tulikuwa na katazo la mwaka 2009, na jaribio jingine la mwaka 2015, na bado kaveera inauzwa hatua chache kutoka hapa tulipo. Sina subira tena na jambo hilo. Kenya walifunga mlango Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, wakasimamia.

Ganda ambalo mnyama halili, liende kwa funza wa nzi askari mweusi, ambao Makerere wamewafanyia utafiti humu mjini. Kwa muda wa wiki mbili hivi hula mabaki ya jikoni na ya soko mpaka lundo likapungua nusu au zaidi, kisha funza wenyewe wakawa chakula cha kuku, badala ya dagaa wa mukene wanaopanda bei kila mara. Linalobaki liwe mboji. Mboji inataka ufundi kidogo, na kwenye mteremko inataka zaidi. Lundo ligeuzwe ili lipate hewa. Likifanywa vizuri joto la ndani hufika nyuzi 55 na kuendelea, na joto hilo huua vijidudu vya maradhi na mbegu za magugu. Baada ya miezi miwili au mitatu limekomaa. Lakini liwe chini ya paa, juu ya sakafu yenye mfereji wake. Mboji iliyoachwa wazi kilimani wakati wa mvua za Aprili hutiririka nyeusi mpaka uani kwa jirani wa chini, na jirani huyo atakuwa adui wa mpango wetu wote. Na lori la matoke linalorudi Isingiro tupu? Hilo ndilo gari la kupakia mboji. Dereva ameshalipiwa safari ya kuja. Gunia la mboji kurudi halimgharimu sana.

Ziko taka ambazo hazimo katika ndoo hizi mbili, na sitaki kuwadanganya. Pampasi ndizo kubwa. Kuna pedi, sindano za wagonjwa wa sukari wanaojitibu nyumbani, betri, balbu. Hizo zinahitaji ndoo ya tatu, ndogo, na zinahitaji jaa la kweli lililojengwa kihandisi, lenye sakafu isiyopitisha maji na mabomba ya kutoa methani. Jaa la namna hiyo bado litahitajika. Lakini jaa linalopokea mabaki machache na makavu linaweza kuwa dogo, tena likadumu miaka mingi, na ubavu wake hauna maji ya kuusukuma.

Moto nao tuuache. Asubuhi nyingi moshi wa taka unakaa mabondeni kati ya Naguru na Kyambogo mpaka jua lipande, kwa sababu hewa baridi ya usiku hutulia bondeni na hewa yenye joto zaidi juu yake huufunika. Vipimo vya AirQo, mradi wa Makerere, vimewekwa sehemu nyingi za mji na mtu yeyote mwenye simu anaweza kusoma hewa ya mtaa wake. Watoto wa shule wanaoteremka kwenda darasani saa moja asubuhi ndio wanaoivuta. Ganda bichi haliungui, linafuka tu. Likiondoka kwenye lundo la uani, kinachobaki ni kikavu chenye mnunuzi, na mwenye nyumba hana tena sababu ya kuwasha kiberiti.

Mwisho ni suala la malipo. Mkandarasi akilipwa kwa tani, atapenda maji. Akilipwa kwa nyumba bila kujali amechukua nini, atapenda kuchanganya, kwa sababu ni rahisi. Napendekeza nyumba inayotoa maganda safi ilipe kidogo au isilipe kabisa kwa ndoo ya maganda, ilipe kawaida kwa vikavu, na ilipe mara mbili kwa mchanganyiko. Nyumba za bondeni zisilipe kwa maganda hata kidogo. Gharama yao ibebwe na sisi tulio juu, kwa kuwa mvua imekuwa ikiwapelekea ya kwetu bure miaka yote hii. Nawaomba wenyeviti wa LC, mabaraza yetu ya mitaa, kabla mkataba wowote wa kuzoa taka za eneo hili haujafanywa upya, mwombe nakala yake, muisome mbele ya wakazi, na mtafute humo mambo matatu: mkandarasi analipwa kwa kipimo gani, taka zinashushwa wapi, na nani anaishi chini ya mahali hapo. Nanyi wauzaji wa soko, baada ya kikao hiki nitabaki hapa na yeyote anayejua kiwanja chenye kivuli, cha ukubwa hata wa kuegesha malori mawili, ambapo magunia ya maganda yanaweza kuanza kupokelewa wiki ijayo.